Ngoma ya Ukae

Nimezaliwa Mwanza, na kwa miaka mingi niliamini Sikinde ni jina la bendi tu, kama Omo ilivyo jina la sabuni. Nyumbani tulikuwa na redio ya National iliyovalishwa mfuko wa ngozi wenye matundu, na betri zake zikichoka tulizianika juu ya bati zipate nguvu za siku mbili zaidi. Mtangazaji hakuwa akilitaja jina la bendi ile kwa ufupi. Lazima alimalizie: DDC Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, ngoma ya ukae. Mdogo wangu akashikilia kwamba hiyo ni amri. Ngoma ya nini? Ya ukae. Ukae chini, usicheze, usikilize. Baba alicheka mpaka akakohoa, lakini hakumsahihisha, maana hata yeye hakujua. Sisi Wasukuma tungejulia wapi?

Nilikuja kujua nikiwa na miaka ishirini na kitu, chuoni Dar es Salaam, na nilijua kwa aibu. Tulipewa kazi ya kuandika: chagua muziki wa taifa lako, onyesha unavyoakisi utamaduni wa watu wake na namna wanavyojitambua. Niliiona rahisi. Nikakusanya nyimbo zilizotaja taifa: za kulisifu Azimio la Arusha la 1967, za kuhamasisha vijiji vya ujamaa, za kilimo, za vita vya Kagera. Hesabu yangu ilikuwa kwamba wimbo unaoitaja Tanzania ndio wimbo wa Kitanzania. Mwalimu aliirudisha kazi ikiwa na swali moja pembeni, kwa wino mwekundu: "Na waliokuwa wakicheza, walikuwa wakicheza nini?"

Sikulipenda lile swali. Niliona ananionea. Maneno si yapo, yanajieleza yenyewe?

*

Swali lenyewe ni kongwe kuliko mimi. Desemba 1962, Tanganyika ikiwa ndiyo kwanza imekuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alisimama bungeni akatangaza wizara mpya, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba ile aliwasema wasomi wa kizazi chake bila kujitoa: tulifundishwa kucheza rumba, chachacha, twisti, wolzi na foksitroti, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kucheza, au hata wamewahi kuisikia, gombesugu, mangala, nyang'umumi, kiduo, lelemama? Ukiisoma hata leo unahisi kidole kinakuelekea. Katika hizo tano niliijua moja, lelemama, tena kwa kuisoma kwenye kitabu.

Hotuba ilikuwa na uchungu wa kweli. Lakini tazama kilichofuata. Miaka miwili baadaye, mwaka 1964, chama cha wafanyakazi cha nchi nzima, NUTA, kikaanzisha bendi, na bendi ile ikapiga rumba. Jeshi la Polisi likawa na bendi. JKT wakawa na Kimulimuli, JWTZ wakawa na Mwenge Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kikawa na Urafiki Jazz. Vijana wa chama wakawa na Vijana Jazz. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, na gitaa alilopiga lilikuwa mali ya mwajiri, akihama analiacha kama dereva anavyoacha funguo za gari la ofisi. Dola ile ile iliyoilalamikia rumba, pamoja na mashirika na jumuiya zake, ikawa mwajiri mkubwa wa wapiga rumba nchini.

Kikundi cha Taifa cha ngoma kilikuwepo pia. Kilipanda majukwaani na ngoma za mikoa zilizofupishwa ziingie kwenye ratiba ya mgeni rasmi, dakika tano za huku, dakika tano za kule. Sikidharau, kiliokoa mengi. Ila Jumamosi usiku mtu wa Ilala hakuwa akijipulizia manukato ili akaangalie Kikundi cha Taifa. Alikuwa anakwenda dansi.

Kwa hiyo mwalimu wangu alikuwa na hoja. Kama taifa lilikuwa linacheza rumba, na rumba ni ya Wakuba, utambulisho wetu ulikuwa wapi pale ukumbini?

*

Rumba yenyewe haikuletwa na serikali wala na wakoloni kwa makusudi. Ilikuja kwenye santuri. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri za Kikuba ambazo namba zake zilianza na herufi GV, na watu wa pwani wakazipokea kama ndugu aliyepotea akarudi na lafudhi. Ngoma zile zilikuwa zimevuka bahari pamoja na watumwa, zikarudi zimevaa tarumbeta na gitaa. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kuzipenda. Huko huko miaka ya 1930 Dar es Salaam Jazz ilikuwa imeshaanza. Morogoro, baadaye, ikazaliwa bendi ya Salum Abdallah iliyojiita waziwazi Cuban Marimba. Huyu alikuwa mtunzi hasa, na alikufa kwenye ajali ya gari mwaka 1965 akiwa bado kijana.

Niseme neno kuhusu hilo "Jazz". Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz: hakuna hata moja iliyopiga jazi ya Wamarekani weusi. Neno lilimaanisha magitaa, wapulizaji, tumba, na watu waliovaa vizuri. Mgeni mmoja aliyekuja chuoni kutoka Ulaya alitumia dakika kumi kutueleza kwamba jina hilo lilikuwa kosa. Tulimsikiliza kwa adabu.

Jambo nililokuwa nimelikosa ni mitindo. Bendi ya dansi ya Tanzania haikuwa imekamilika kwa kuwa na jina. Ilihitaji mtindo, na mtindo ni mdundo wa bendi hiyo pamoja na namna ya kuucheza, kelele za washabiki wake na jina la kuwatambia wengine. Western Jazz walipiga Saboso. Tabora Jazz, Segere Matata. Polisi, Vangavanga. Vijana Jazz walibadilisha mitindo kama mtu anavyobadilisha shati: Koka Koka, Takatuka, Kamata Sukuma, halafu Bomoa Tutajenga Kesho, ambalo kwangu ndilo jina zuri kuliko yote yaliyowahi kupewa muziki katika nchi hii. Maquis, waliokuja kutoka Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipiga Kamanyola, na baadaye Ogelea Piga Mbizi. Urafiki Jazz wakajiita wana Mchakamchaka. Yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua mchakamchaka ni nini: ni kukimbizwa asubuhi na mapema, vumbi likitimka, mkiimba kwa kuitikiana. Bendi ya kiwanda ikaichukua ile mbio ya watoto ikaiingiza kwenye rumba, na mfanyakazi aliyetoka zamu ya usiku akaicheza akijua kabisa anacheza nini.

Kisha kuna Msondo na Sikinde.

NUTA Jazz walipiga Msondo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chama kikabadilishwa kikawa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Ukaja mwaka 1991, JUWATA ikawa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Vyama vikaendelea kubadilika, na mwisho bendi ikaachana na vifupisho vyote ikabaki kuitwa Msondo Ngoma. Mlimani Park nayo ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafirishaji na teksi, ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983, na leo ukimwambia dereva wa bodaboda "DDC" pengine atakuuliza ni kituo gani. Mwambie "Sikinde".

Nilipoyapanga haya kwenye karatasi ndipo nilipoanza kuelewa swali la wino mwekundu. Taifa lilibandika majina yake juu ya bendi, majina yakabanduka moja moja kama matangazo ya uchaguzi ukutani. Majina ya ngoma yakabaki. Na hizo ni ngoma za nani?

Za Wazaramo. Msondo ni ngoma ndefu, ya mambo ya mwali, msichana aliyevunja ungo akawekwa ndani akafundwa. Sikinde nayo ni ngoma ya Uzaramoni. Na ukae, alivyonieleza binti wa Kisarawe aliyekuwa chumba cha pili bwenini, akinishangaa kama mtu asiyejua jina la mama yake, ni nyumbani. Ngoma ya nyumbani. Nilimpigia mdogo wangu simu usiku ule ule. Alikata simu.

*

Nchi yetu ina aibu na makabila. Tumelelewa hivyo na sioni ubaya wake. Nimeona majirani waliolelewa tofauti na yaliyowapata. Usimuulize mtu kabila lake ofisini. Redio ikatangaza kwa Kiswahili, bendi zikaimba kwa Kiswahili, hata wale wa Zaire walipofika Dar waliacha Kilingala kando sehemu kubwa wakaimba Kiswahili chao kitamu chenye kupindapinda, na mashabiki wakaupenda mpindo wenyewe. Nani angejali mpiga solo katoka Lubumbashi au Songea?

Na bado, katikati ya muziki huo usio na kabila, bendi mbili zilizopendwa kuliko zote zikajiita kwa ngoma za kabila moja, kabila ambalo ardhi yake jiji la Dar es Salaam limeimeza na linaendelea kuimeza kila viwanja vipya vinapopimwa. Ukiwauliza watu wa mjini kuhusu Wazaramo watakupa utani. Halafu hao hao watakesha wakibishana Msondo na Sikinde nani zaidi.

Ubishi huo nao ni utamaduni, pengine kuliko midundo. Ukanda huu wa pwani haujui kupenda kitu kimoja. Lazima viwe viwili vishindane. Kabla ya dansi palikuwa na beni, wakati wa Wajerumani na Waingereza, vikundi vilivyoigiza gwaride la askari kwa tarumbeta na sare. Dar es Salaam kulikuwa na Marini na Arinoti, na mtu wa Marini alimtazama wa Arinoti kama wa Masaki anavyomtazama wa Tandale. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa mashairi ya kuchomana. Zanzibar, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa cha mwaka 1905 kilipata mshindani wake, Culture. Tanga wakawa na Black Star na Lucky Star. Morogoro wakawa na Cuban Marimba na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, yule aliyelipeleka gitaa lake mpaka Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70 na akafia ajalini Mombasa Januari 1979. Simba na Yanga sihitaji kuwataja.

Mwaka 1985 mwimbaji Muhidin Gurumo, aliyekuwa ametoka JUWATA kwenda kuianzisha Mlimani Park, alihama tena na wenzake wakaenda Orchestra Safari Sound, wakapiga mtindo wa Ndekule. Muulize mtu wa umri ule: atakueleza alikuwa wapi aliposikia habari hiyo, kama anavyokumbuka alikuwa wapi aliposikia Waziri Mkuu Sokoine amefariki.

*

Mzee niliyemtafuta aliwahi kupiga tumba kwenye bendi ya shirika la umma ambalo limeshakufa, na bendi ikafa nalo. Ni mjomba wa rafiki yangu, anakaa Gongo la Mboto, nyumba ya karibu na reli. Nilimwendea baada ya ofisi moja, ambayo sitaitaja, kunizungusha miezi miwili nikitaka kusikiliza kanda za zamani. Barua ya kwanza ilikosa muhuri, ya pili ilikuwa na muhuri usio sahihi, ya tatu aliyepaswa kuisaini alikuwa likizo. Mzee hakutaka barua. Alitaka nije na sukari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kinasa sauti? Kiweke hapo, lakini kwanza unywe chai."

Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilimuuliza maswali ya kishamba kuhusu siasa, kuhusu nyimbo za chama. Alinijibu kwa upole kwamba ziliimbwa, na zilirekodiwa, na nyingine zilikuwa nzuri. Halafu akaniuliza kama nimewahi kucheza dansi. Nikasema kidogo. Akavuta meza.

Wimbo wa dansi, alinionyesha kwa vijiko viwili, una miili miwili. Mwanzo ni taratibu. Pale mwimbaji anatoa kisa, na mpiga tumba kazi yake ni kumsindikiza kama unavyomsindikiza mgeni njiani: huendi mbele yake, humwachi nyuma. Wapenzi wanacheza wameshikana, wanasikiliza. Kisha gitaa la solo linabadilisha, waimbaji wanafupisha maneno, wapulizaji wanaingia, na hapo ngoma inachemka. Wenyewe huita chemko. Mikono inaachiana, kila mtu anacheza mwenyewe au wanajipanga mstari. Mtindo, ule wa kutambiana, unakaa kwenye chemko.

Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika wimbo haukuenea upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Kisa upande A, chemko upande B. Nyumba yenye watu wazima, alisema, utaona upande A umechubuka. Nyumba yenye vijana ni upande B.

Redioni haukukatwa. Radio Tanzania, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilikuwa na studio zake Barabara ya Pugu, na bendi zote ziliota kufika hapo, kwa kuwa mpaka miaka ya 1990 Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine wala televisheni. Kilichopigwa pale kilisikika Mwanza kwetu juu ya betri zetu za kuanikwa na kikasikika Mtwara dakika hiyo hiyo. Maneno ya wimbo yalitangulizwa kwa kamati, yakasomwa, yakapitishwa au yakakataliwa. Wimbo wa Remmy Ongala kuhusu soksi, yaani kondomu, miaka ya mwanzo ya ukimwi, redio ilikataa kuupiga, na nchi nzima ikaujua hivyo hivyo. Bendi ilirekodi wote kwa pamoja, aliyekosea anawarudisha wote mwanzo. Tumba, alisema Mzee, waliliweka mbali na maikrofoni, karibu na mlango, maana linameza sauti za watu. "Kwa hiyo ukisikiliza nyimbo zetu, mimi ndiye yule wa mlangoni."

Nikamuuliza kuhusu maneno. Kamati yote ile ya kukagua maneno, na bado ukiyasikiliza mashairi ya dansi utakuta watu wanasema kila kitu. Wanalalamikia mume, mke, mawifi, rafiki msaliti, mwanamke aliyekwenda mjini asirudi, mama aliyesahaulika kijijini. Karibu zote ni kama barua: kuna anayeambiwa, na sisi wengine tunasikiliza dirishani. Na mtunzi mara nyingi hahukumu. Anakuwekea kesi, ngoma inachemka, mnarudi nyumbani mkibishana nani mkosaji. Sikinde walikuwa na wimbo uitwao "Mtoto Akililia Wembe", na mwingine "Dua la Kuku". Tazama majina hayo yalivyokatwa. Methali imeachwa nusu. Anayejua kwamba mtoto akililia wembe hupewa, na kwamba dua la kuku halimpati mwewe, ameshaambiwa jambo zima kabla gitaa halijaanza. Asiyejua atafsiriwe, na atakuwa amekosa utamu. Mimi hapo ndipo ninapouona Utanzania, au niseme Uswahili kwa mapana yake, wazi zaidi kuliko kwenye zile kurasa zangu nne za Azimio. Wimbo wa Azimio ulimaliza sentensi zake zote. Haukuacha kitu kwa msikilizaji.

Huenda ninazidisha chumvi. Kuna nyimbo za siasa ambazo bado zinanisimamisha nywele, na zipo za mapenzi ambazo ni takataka tupu zilizopigwa vizuri. Lakini ukinilazimisha nichague, nimeshachagua.

*

Siku hizi lawama zimehamia kwingine. Watu wa rika la baba wananiambia bongo fleva ni ya Wamarekani, au ya Wanigeria, inategemea wameamka vipi. Dansi, wanasema, ndiyo ilikuwa yetu. Wanaisema rumba, ile ile ya mwaka 1962! Imechukua miaka sitini kutoka kwenye orodha ya vitu vya kigeni kuingia kwenye orodha ya urithi, na jina lake jipya ni zilipendwa, kitenzi kizima kilichogeuzwa jina la muziki, tena cha wakati uliopita, kama vile mapenzi yamekwisha. Nadhani hakuna muziki mwingine duniani ulioitwa kwa kitenzi cha kutendwa.

Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa mitaani na Operesheni Vijana, ukiwasaka wenye sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kwa jina la utamaduni wa taifa. Jioni za mwaka huo huo, kumbi zilijaa rumba. Siwezi kuisoma habari hiyo nikaamini tena kwamba kuna mtu mwenye rula ya kupima kilicho chetu.

Singeli ndiyo inayochekesha zaidi. Wazee wanaiita kelele, na kwa mapigo yake yanayopita 200 kwa dakika siwalaumu. Lakini ifuate nyuma. Singeli imetoka Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha. Nyuma yake kuna mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na spika za kupasuka. Na nyuma ya mchiriku kuna ngoma za harusini na za mwali, mdundiko ukipita mtaani usiku na watoto wakiufuata mpaka wapotee. Umerudi pale pale, Uzaramoni. Ngoma ya nyumbani imebadilisha viatu tu.

Niliandika upya ile kazi. Nilipata alama nzuri kiasi, si za kutangaza.

*

Mara ya tatu nilipokwenda Gongo la Mboto nilikuwa na swali moja tu, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye daladala. Mzee ni Mzaramo. Nilitaka anionyeshe, kwa mkono wake, kitu gani kutoka kwenye msondo wenyewe, ule wa mwali, kiliingia kwenye tumba la dansi. Jina lilichukuliwa, hilo najua. Je, mdundo nao?

Alifikiri. Akasogeza vikombe. Akaanza na mdundo wa bendi, viganja viwili ukingoni mwa meza, ule ambao ningeutambua hata usingizini. "Huu umetoka kwenye santuri za Kuba," akasema. Kisha mkono wa kushoto ukabaki pale pale na wa kulia ukaanza kusema kitu kingine, chini zaidi, kizito, kikichelewa kidogo kila kinaporudi. Chai ikatikisika. Nilijisogeza karibu na kinasa sauti nihakikishe taa nyekundu inawaka. Alikuwa amefumba macho.

"Baba Zainabu!"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ungo wa mchele.

"Hiyo haipigwi mezani. Na mgeni kaja, na watoto wapo nje."

Viganja vikatulia. Mzee alitazama meza kama kwamba imempigia kelele yenyewe. Mama akaweka ungo chini, akanimiminia chai nyingine bila kuniuliza, akarudi ndani, na tukamsikia akipepeta mchele. Tulikaa kimya muda.

"Hicho kidude," akasema Mzee, akikielekeza kwa kidevu. "Kimeshika?"

Nikamwambia kimeshika.

"Futa hapo mwisho, mwanangu."

Nikafuta mbele yake, akiangalia.